Kaa na Fundi: Namna ya Kujifunza Kuchora Vitabu vya Watoto kwa Kunakili Wachoraji Unaowapenda

Seremala hajifunzi kutengeneza kitanda kwa kusoma. Hukaa na fundi. Mwanzoni anafagia vumbi la randa na kushika ubao upande wa pili, baadaye anapewa msumeno, na kitanda chake cha kwanza huwa ni kitanda cha fundi wake kilichopinda kidogo. Msusi vilevile. Mtoto wa madrasa naye hufuatisha alifu ya mwalimu mpaka mkono uizoee. Ajabu ni kwamba tukifika kwenye uchoraji tunabadilika ghafla: kunakili kunakuwa aibu, na mtu anadaiwa "mtindo wake mwenyewe" kabla hajajua kuchora sikio.

Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli, alifariki mwaka 1972. Miaka minne tu. Kama vijana wake, wengi wao ndugu zake, wasingekaa pembeni yake wakiiga ndege na chui wake, leo kusingekuwa na kitu kinachoitwa tingatinga, wala John Kilaka asingekuwa na mtindo huo wa kuchorea vitabu vyake vya watoto.

Najua utanitolea methali: mwiga tembo kunya hupasuka msamba. Sawa. Lakini huyo aliyepasuka alitaka matokeo ya tembo bila kuuliza tembo anakula nini. Mwongozo huu ni wa kuuliza tembo anakula nini.

Vifaa

Penseli mbili (HB, ya kawaida, na 4B, laini na nyeusi zaidi), kifutio, biki nyekundu, kisanduku kidogo cha rangi za maji, brashi mbili, na daftari lisilo na mistari. Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 inatosha kwa penseli, ila ukiipaka rangi ya maji inajikunja kama chapati iliyosahaulika juani; kwa rangi nunua manila steshenari uikate vipande. Karatasi ya kufuatishia ikikosekana, kioo cha dirisha kinachopigwa na jua la asubuhi kinatosha.

Hatua ya 1: Mchague mmoja, uwe na sababu

Si kumi. Mmoja, kwa mwezi mzima. Na sababu iwe shida yako, si umaarufu wake. Pitia michoro yako ya nyuma ujiulize nini kinakuudhi.

Kama wanyama wako wanafanana na viroba vilivyovishwa nguo, mwendee Beatrix Potter (1866–1943), Mwingereza aliyechora sungura wanaovaa makoti. Kama watu wako wamesimama wima kama gwaride la Uhuru, mwendee Randolph Caldecott (1846–1886), Mwingereza ambaye wahusika wake hawajui kutulia. Kama kila picha yako inategemea rangi kali ili ionekane, mtafute Tom Feelings, Mmarekani mweusi aliyechora kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili, moja hadi kumi, kilichotoka mwaka 1971. Maandishi yalikuwa ya mkewe Muriel, aliyewahi kufundisha Uganda. Kurasa zile zinasimama kwa giza na mwanga, na bado unahisi joto la jua.

Chagua pia mtu ambaye kifaa chake unaweza kukipata. Nawapenda sana Leo na Diane Dillon, mume na mke waliofanya kazi pamoja kiasi kwamba wao wenyewe walisema aliyechora ni mtu wa tatu. Lakini kazi yao iliyopata Medali ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya vitabu vya picha iliyopewa jina la yuleyule Caldecott, mwaka 1976 ilitumia rangi iliyopulizwa kwa hewa. Usianzie hapo. Utatumia mwezi mzima kutafuta kompresa.

Vitabu vya Caldecott na Potter vinapatikana bure, pamoja na picha zake, kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg. Kwa kazi za Kiafrika, tovuti ya African Storybook ina mamia ya hadithi zenye picha kwa leseni huria, nyingi zikiwa na Kiswahili. Ukipakua, piga fotokopi nyeusi na nyeupe ya kurasa tatu unazozipenda. Kioo cha simu ni kidogo na rangi zake zinadanganya, halafu katikati ya kazi shangazi anapiga.

Hatua ya 2: Tazama bila kushika penseli

Hapa ndipo wengi wanapopita mbio, na hapa ndipo penye mali yote. Weka ukurasa mbele yako, weka saa dakika kumi na tano, mikono mapajani. Kisha andika majibu ya maswali haya kwa sentensi kamili: Jicho langu limetua wapi kwanza? Likaenda wapi baada ya hapo? Mchoraji amesimama wapi, usawa wa macho ya mtoto au ya mtu mzima? Karatasi tupu ni kiasi gani, na iko upande upi? Na swali ambalo ndilo roho ya kitabu cha picha: maneno yanasema nini, na picha inasema nini ambacho maneno hayakusema?

Nitatoa mfano mmoja, kwa sababu mimi mwenyewe ulinifungua macho. Mwaka 1882 Caldecott alichora wimbo wa kubembelezea watoto wa Kiingereza. Maneno ni machache mno: baba ameenda kuwinda, kuleta ngozi ya sungura ya kumfungia mtoto. Basi. Caldecott akaugawa wimbo huo kurasa kadhaa, na kwenye picha ya mwisho mtoto tayari amevalishwa ngozi yake, masikio ya sungura yamesimama kichwani, anatembea na mama yake. Juu kwenye kilima kuna sungura wanacheza. Mtoto amesimama anawakodolea macho.

Mtazame huyo mtoto dakika kumi na tano. Wimbo haukusema alikutana na sungura. Haukusema aliwaza chochote. Mchoraji hakuandika neno, hakuchora chozi wala mdomo uliopinda. Amefanya mambo matatu tu: amewaweka sungura walio hai mahali ambapo mtoto atawaona, amemgeuza mtoto awaelekee, na ameacha nafasi kati yao. Mtu mzima anayesoma anabaki na swali kooni, na mtoto anayesomewa anaona tu sungura wazuri. Kitabu kimoja, wasomaji wawili.

Ungekimbilia kunakili mistari yake ungepata mtoto mwenye masikio. Ukinakili maamuzi hayo matatu, umepata kitu utakachokitumia maisha yako yote.

Hatua ya 3: Vijipicha

Chora visanduku vidogo, sentimita sita kwa nne, vitano kwa kila ukurasa. Finya macho mpaka ukurasa wa fundi ugeuke madoa. Chora madoa hayo kwa rangi tatu tu: nyeupe ya karatasi, kijivu cha 4B iliyolazwa, na nyeusi ya 4B iliyokandamizwa. Hakuna macho, hakuna vidole, hakuna vifungo vya shati. Kila kijipicha kisizidi dakika tatu.

Utashangaa jinsi picha zinazoonekana tajiri zilivyo na madoa machache. Mara nyingi ni matatu au manne. Zako, ukizifinyia macho vilevile, pengine zina ishirini, yote ya ukubwa mmoja, ndiyo maana jicho halijui pa kukaa.

Hatua ya 4: Fuatisha mifupa, siyo ngozi

Kufuatisha juu ya karatasi ya fundi si dhambi, ila usifuatishe ukingo wa nje. Hilo litakufanya kuwa fotokopi inayokula wali. Chukua ile fotokopi na biki nyekundu. Piga mstari mmoja wa uti wa mgongo kutoka kichwani hadi unyayo uliobeba uzito. Piga mstari wa mabega na mstari wa nyonga. Kwa Caldecott mistari hiyo miwili haikai sambamba ila kwa nadra. Bega likishuka huku, nyonga inapanda kule. Gwaride la Uhuru limekwisha.

Kwa Potter fanya zoezi tofauti: mvue sungura koti. Yaani, weka karatasi juu ya picha uchore mnyama aliyemo ndani ya nguo, goti lake liko wapi, bega linaingia wapi. Itakuwia rahisi kuliko unavyodhani, na sababu ni kwamba sungura yumo kweli. Potter alifuga sungura, akawachora tangu utotoni, na nguo zilikuja kuvalishwa mwili ambao mkono wake ulikwisha kuujua. Wachoraji wengi wa hadithi zetu za Sungura na Fisi huanza na kanzu, halafu wanachomeka kichwa juu. Inaonekana.

Ukiwa na kuku au mbuzi nyumbani, pumzika saa moja umchore huyo. Kisha rudi kwenye ukurasa.

Hatua ya 5: Nakili kwa jicho

Sasa ndiyo nakala yenyewe. Ukurasa wa fundi kushoto, wako kulia, ukubwa uleule. Ukishindwa vipimo, piga miraba kama wanavyofanya wachora mabango ya maduka: miraba ya sentimita mbili kwenye fotokopi, miraba ileile kwako, kisha mraba kwa mraba. Ukiona unachora "mkono" badala ya kuchora umbo lililo mbele yako, geuza kurasa zote mbili kichwa chini. Jina la kitu likipotea, umbo linaonekana.

Usitafute mstari uleule kwa kuusugua mara tano. Utazame, uuchore hewani mara mbili, kisha uuweke mara moja. Ukikosea, uache. Tutauhitaji.

Rangi, kwa ufupi. Rangi za maji hutoka kwenye wepesi kwenda kwenye uzito, na nyeupe yako ni karatasi, kwa hiyo amua mapema utakapoiacha. Kila rangi ijaribu kwanza kwenye kipande cha manila, ikauke, ndipo uilinganishe, ikikauka hupauka. Subiri tabaka la kwanza likauke kabisa kabla ya la pili. Msimu wa masika Dar hiyo ni subira ya kweli. Mimi hupika chai.

Siku zile Caldecott hakuwa hata na uhuru huo. Michoro yake ilichongwa kwenye mbao na kuchapwa rangi moja baada ya nyingine na mchapaji Edmund Evans. Ndiyo sababu rangi zake ni bapa na chache. Unaponakili ubapa ule, ujue ulitokana na mtambo na akaugeuza kuwa uzuri. Wewe nawe una mitambo yako: printa ya steshenari, karatasi nyembamba ya shule, kitabu kitakachochapwa kwa rangi mbili ili kiuzwe bei nafuu.

Hatua ya 6: Soma makosa yako

Nakala imekauka. Usiipige picha uitume kwenye kikundi cha WhatsApp upate makofi. Chukua karatasi ya kufuatishia, funika ukurasa wa fundi, fuatisha mistari mikuu, kisha iweke juu ya nakala yako. Kila mahali mistari isipokutana, zungushia biki nyekundu.

Fanya hivyo kwa nakala tatu kabla ya kuhukumu. Kosa lililotokea mara moja ni usingizi. Lililojirudia mara tatu ni habari. Mimi niligundua kwamba kila kichwa nilichonakili kilikuwa kikubwa kuliko cha fundi, na kila mguu mfupi. Awali nikadhani ni uzembe. Kisha nikatazama michoro yangu ya zamani na kukuta mwili uleule, vichwa vikubwa na miguu mifupi, tangu darasa la tano.

Basi gawanya makosa hayo kwenye mafungu mawili. La kwanza ni yale yanayoharibu: mguu mfupi kwa sababu sikuona kwamba goti limekunjwa. Hayo yafanyie mazoezi mahususi. Chora magoti ishirini. La pili ni yale ambayo, ukiyatazama bila ubishi, yanapendeza. Kichwa kikubwa kilimfaa mtoto wa kitabu. Hicho sikukirekebisha. Ni mkono wangu unaosema jina lake.

Potter mwenyewe alipita hapa. Baba yake alikuwa akinunua michoro halisi ya Caldecott, kwa hiyo binti alikua akiitazama nyumbani. Uzeeni alikiri kwamba alijaribu kumnakili Caldecott, na akakubali kwamba hakufanikiwa kufanana naye sana. Kitabu chake cha sungura mwenye koti la buluu alikichapisha kwanza kwa fedha zake mwaka 1901, nakala 250, na mwaka uliofuata kampuni ya Warne ikakichukua. Umbali kati yake na Caldecott ndio tunaoujua leo kwa jina la Potter.

Hatua ya 7: Kesho yake, bila kutazama

Funga kitabu. Chora ukurasa uleule kwa kumbukumbu. Utakachokisahau hukukielewa, hata kama jana ulikinakili vizuri. Rudi ukitazame hicho tu. Zoezi hili huchukua nusu saa na linaumiza kidogo, kwa hiyo wengi huliruka.

Hatua ya 8: Chukua maamuzi, badilisha kila kitu kingine

Turudi kwa mtoto na sungura wa Caldecott. Maamuzi yalikuwa: weka mbele ya mtoto kile kilichotolewa kwa ajili yake, kikiwa hai, mgeuze akielekee, acha nafasi. Sasa ondoa kilima, ondoa Uingereza, ondoa ngozi.

Mimi nilichora hivi. Maneno: "Baba kaenda sokoni, kaleta kuku wa Idi." Picha ya mwisho: mtoto wa kike amekaa kizingitini na gauni jipya, sahani ya pilau mapajani, paja la kuku mkononi limefika nusu ya safari kwenda mdomoni. Uani, mbele yake, vifaranga watatu wamesimama wanamtazama. Kati yao na yeye kuna uwanja mtupu uliofagiliwa, mistari ya ufagio inaonekana.

Nilichora vijipicha kumi na moja kabla ya kupata umbali sahihi. Vifaranga wakiwa karibu mno, picha inakuwa kichekesho. Wakiwa mbali mno, mtoto anaonekana anawaza mengine. Hakuna hata mstari mmoja wa Caldecott pale, na hakuna ambacho hakikutoka kwake.

Fanya zako tatu. Tumia daladala, kisima, foleni ya kliniki, jahazi. Ukiona umemchora mtoto mwenye bonneti ya Kiingereza akiwa Manzese, umenakili ngozi. Rudi hatua ya 2.

Kisha mchukue mchoraji wa pili ambaye hafanani kabisa na wa kwanza. Kutoka kwenye mistari inayokimbia ya Caldecott nenda kwenye utulivu wa Feelings. Wakigombana kichwani mwako, vizuri.

Mipaka, maana kuna mahakama

Nyuma ya kila nakala andika: "Nimenakili kutoka kwa fulani," na tarehe. Nakala ni za daftari. Haziingii kwenye folda unayompelekea mchapishaji, haziuzwi kwenye fulana, na ukizionyesha hadharani jina la mwenyewe linatangulia.

Tanzania na Kenya hakimiliki ya mchoro hudumu maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo. Uingereza ni miaka 70. Kwa hiyo Caldecott na Potter wamekwisha kuwa mali ya wote. Tom Feelings, aliyefariki mwaka 2003, bado. Picha za African Storybook zina leseni huria, ila leseni zenyewe hutofautiana: nyingine zinakutaka utaje jina tu, nyingine zinakataza biashara. Soma iliyoandikwa kwenye hadithi husika. Mtindo hauna hakimiliki, lakini mkao uleule, kwenye mpangilio uleule, na koti lileile lenye rangi nyingine, si mtindo tena.

Nililijua hilo kwa njia mbaya. Miaka ya mwanzo nilipeleka kurasa nne kwa mchapishaji mmoja. Mhariri, mama mmoja mpole, alizitazama zote, akarudi ya pili, akavua miwani. "Mwanangu," akasema, "huyu sungura tunafahamiana." Sikuwa nimekusudia. Nilikuwa nimenakili miezi mitatu bila kufanya hatua ya 8 hata mara moja, na mkono ulitoa kilichomo.

Utajuaje umemaliza na fundi mmoja?

Tafuta ukurasa wake ambao hujawahi kuuona. Mwombe mtu aufunike nusu kwa karatasi kabla hujautazama. Chora nusu iliyofichwa: mtu wa pili atakuwa wapi, ameelekea wapi, tupu itabaki upande upi. Kisha funua.

Ukikosea kabisa, bado hujui anakula nini. Ongeza wiki mbili. Ukipatia, unaweza kuhamia kwa mwingine. Na ikitokea umekosea, lakini ukaitazama nusu yako na kuipenda kuliko yake, mrudishie kitabu aliyekuazima. Anza ukurasa mpya wa daftari, na juu yake usiandike jina la mtu.